Pete ya Shaba kwenye Kona ya Ntoto

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa umeme wa magari kule Masisi, na diploma yangu ya shule ya jioni niliitembeza mfukoni hata nikienda kuoga mtoni. Ukiniuliza mimi, hakukuwa na waya kutoka Masisi mpaka Walikale usioniogopa.

Siku moja dereva akaniletea kamio, lori la zamani. Kiti chake alikirithi kwa mwenzake aliyekufa kwa homa.

"Kaka, klaksoni inalia yenyewe. Kwenye kona ya Ntoto tu! Mara mbili, halafu inanyamaza. Mimi sigusi kitu."

"Unaigusa kwa kutetemeka," nikamcheka.

"Cheka tu. Mujane wa yule mwenzangu anakaa palepale. Kila mara anatoka na sahani."

Nikaweka bisibisi chini. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao: ukikaribia kwako unapiga klaksoni kwa namna yako, mke apakue bugali. Marehemu alikuwa wa mara mbili.

Nikashuku pete ya shaba iliyo chini ya usukani, nikabeba mpya, tukaondoka. Kona ile ilijikunja hivi kwamba dereva aliweza kusoma namba ya nyuma ya gari lake mwenyewe. Usukani ukazunguka kushoto, vidole vya dereva mbali na kitufe. Pii! Pii! Mama mjane akatoka, bugali na maharagi vinafuka. Akatazama mlango wa dereva, akarudi ndani. Ulikuwa mwezi wa saba mfululizo anafanya vile.

Tukasimama, nikafungua usukani. Chini yake kuna pete ya shaba, na kipande cha kaboni kinaisugua kupitisha umeme wa klaksoni. Pete ilikuwa laini yote, isipokuwa madoa mawili meusi, yameungua mpaka kizuizi cha umeme cha chini yake kimetoboka, na kaboni ikifika hapo umeme unapita bila kitufe kubonyezwa. Nikakunja usukani mpaka mwisho, kama unavyokunjwa kwenye kona ile tu: doa la kwanza likafika kwenye kaboni, kisha la pili. Miaka yote marehemu alibonyeza palepale, na cheche zikaila shaba kidogo kidogo. Pepo hakuwamo. Lakini alikuwa ni marehemu mwenyewe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Papa, unamutoa?"

"Mama, nabadilisha pete tu."

"Ile pete njo inaniita, si kingine. Ukiitoa, nani ataniita?"

"Mama, utuhurumie," dereva akasema. "Mimi siwezi kuendesha tukiwa wawili kwenye kiti kimoja."

Nikafunga pete mpya. Ile ya zamani nikampa mama, nikamweleza madoa. Akaweka kidole juu ya la kwanza.

"Hapa njo anashuka kilima." Akakisogeza. "Na hapa njo ananiona."

Juma lililofuata nilipanda tena kuikagua kazi yangu. Tulishuka kilima dereva amezima mashine ili kuokoa petroli, kamio linateleza kimya kama jani. Kwenye kona usukani ukazunguka. Klaksoni haikutoa hata pumzi. Kazi safi kabisa! Nikafungua mdomo nijisifu.

Mama alikuwa nje tayari, ingawa hakuna kilichomwita. Pete imefungwa kwa kamba shingoni, sahani mkononi, na bugali linafuka.

Dereva akawasha tena mashine. Nami, mwenye mdomo mkubwa kuliko mlango wa garaji, nikaitoa diploma mfukoni, nikaikalia mpaka Walikale.