Pumzi za Mwenye Duara

Jumatatu tarehe 4 Machi 2024, Valerian Lukelesha alijiandikisha kwenye darasa la kutafakari huko Nyasubi, mjini Kahama. Jina lake ni la saba daftarini. Alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Kharumwa, na kila alipokumbuka matimba yanayozuia kuta zake zisiporomoke, kifua kilimbana. Matimba yalikuwa yameoza. Mtu mwingine angetafuta magogo mapya. Yeye alitafuta mkeka wa kukalia.

Mwalimu alimfundisha kuvuta pumzi taratibu na kuiacha hofu ipite kama wingu. Alikuwa mwanafunzi hodari. Wiki tatu alilala fofofo, akanenepa.

Kisha Wiliam, mchimbaji wake wa siku nyingi, akapanda kutoka shimoni na kipande cha timba kinachomeguka mkononi kama kiporo cha ugali.

"Baba Ritha, mti umekwisha huu. Tutafukiwa."

Valerian akafumba macho. "Vuta pumzi, Wiliam. Hofu ni wingu tu."

"Mawingu yako huku juu uliko wewe. Sisi tunashuka chini."

Wenzake wakaangua kicheko. Valerian hakufumbua macho. Pumzi zake zilikuwa hazijatimia ishirini. Zilipotimia, wachimbaji wote sita walikuwa wameshakunja kamba zao.

Kesho wanaanza kazi kwenye duara la jirani, Edward, aliyebadilisha matimba mwezi uliopita.