Bango la Mgahawa Wetu wa Pasiansi

Baba alipofariki, mama alifunga mgahawa wetu wa mtaani Pasiansi mpaka arobaini ipite. Mimi, msomi wa familia, nikaona tusifungue kinyonge. Nikaenda Nyamagana kuchapisha bango la herufi nyekundu: "Under New Management". Nilikuwa nimeyaona maneno hayo kwenye hoteli za mjini, yakanipendeza. Mama hajui Kiingereza. Aliponiuliza limeandikwa nini, nikamjibu kwa mkato, "Kwamba tumeanza upya." Akasema ni vizuri, akarudi jikoni.

Siku ya kufungua alikaanga sato na kusonga ugali kama kawaida yake. Wakaja watu wanne. Kesho yake wakaja wawili, wapita njia wote. Mama alikuwa akifunika sufuria zilizojaa na kuyakwepa macho yangu. Niliogopa. Tulikuwa tumebakiwa na mgahawa ule tu.

Siku ya tatu nilimwona fundi wa gereji ya jirani, mteja wetu wa miaka mingi, akipita na mfuko wa chipsi. Nikamfuata kwa hasira.

"Kaka, tumekukosea nini?"

"Hapana, dada. Poleni na msiba. Si mmeuza? Bango linasema kuna uongozi mpya. Sisi tulizoea mapishi ya mama."

"Mama si yupo ndani!"

Akatupa macho mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Uongozi mpya wa nani?"

Nikamweleza kwamba maneno yale huwekwa mahali ambapo mwendeshaji amebadilika. "Na hapa si baba ndiye aliyekuwa anaendesha?"

"Baba yako alikuwa anakaa mbele na kusalimia watu. Na alisalimia vizuri, Mungu amrehemu. Samaki nani alikuwa anawafuata mwaloni kwa wavuvi alfajiri?"

Fundi akaziangalia chipsi zake. Nikapanda kwenye stuli, nikalishusha bango. Niliona aibu sana, maana nilikumbuka fomu zote za shule nilizojaza kwenye meza za mgahawa ule, mama akinipitia na sahani za wateja. Penye kazi ya baba niliandika mfanyabiashara. Penye kazi ya mama niliandika hana.