Kuku wa Klabu na Mgeni wa Wilaya

Harufu ya mashudu ya alizeti yaliyolowekwa tangu jana yake hainitoki puani mpaka leo. Ni harufu nzito, ya mafuta kidogo na uchachu kidogo, na mtu ambaye hakukulia kwetu angeweza kudhani kuna kitu kimeoza. Kwangu ilikuwa harufu ya saa kumi na mbili asubuhi, kiangazi, upepo ukigonga mabati ya shule na vumbi likituingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi si mbali na Mungaa. Kabla ya kengele ya usafi haijalia, nilikuwa nimeshafika nyuma ya darasa la nne, lilipokuwa banda la kuku la klabu yetu, mkononi nina kopo la mashudu yaliyochanganywa na pumba za uwele. Kuku walinijua kwa hatua zangu. Walianza kelele nikiwa bado sijageuka kona, nami nilifurahi, kwa kuwa hapakuwa na watu wengine pale shuleni waliochangamka kwa ajili yangu.

Niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kimya cha kukera. Nyumbani tulizungumza Kinyaturu, na huko nilikuwa na maneno mengi tu, mama alikuwa akinifukuza jikoni nimpumzishe masikio. Lakini nikishavuka uzio wa shule, ulimi ulikuwa mzito. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama, nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikakaa. Wenzangu waliniita Jiwe, na kwa kuwa kwetu mawe yako kila mahali, jina halikukosa mfano wa kuonyeshea. Sikuwa mjinga. Nilijua majibu mengi, ila niliogopa kicheko ambacho kingekuja endapo neno lingenitoka vibaya, na kicheko hicho nilikuwa nimeshakisikia mara mbili, ikanitosha.

Aliyeanzisha klabu ile alikuwa Mwalimu Tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyehamia kwetu akitokea Manyoni. Kabla yake, shughuli za nje ya darasa pale shuleni zilikuwa mpira kwa wavulana, na kwa sisi wasichana kuwachotea walimu maji. Yeye alikuja na wazo kwamba mtoto ajifunze jambo kwa mikono yake, alipime mwenyewe, kisha asimame alieleze. Hilo la kusimama na kueleza ndilo lililonitisha. Nilijiunga kwa sababu ya kuku, nikijidanganya kwamba hayo mengine yatawahusu watu wengine.

Kila kiangazi kijiji chetu kilizika kuku. Kideri kilipita nyumba hadi nyumba; kuku alianza kusinzia mchana, akaharisha kijani, shingo ikapinda, na baada ya siku mbili tatu uwanja ulikuwa kimya. Watu walisema ni upepo, wakashukuru Mungu kama alibaki jogoo mmoja. Mwalimu Tatu alileta chanjo kutoka mjini, kichupa kidogo alichokifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akatufundisha kumshika kuku ubavuni na kumdondoshea tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Wazazi walicheka. Kuku wa kienyeji anatiwa dawa ya macho, anakwenda kusoma? Lakini kideri kilipita mara tatu nikiwa katika klabu ile, na mara zote tatu banda letu lilibaki na sauti. Aliyeongoza kelele hizo alikuwa tetea mmoja niliyemtunza mimi tangu akiwa kifaranga, mweusi mwili mzima isipokuwa kichwa cheupe, na kwa ajili ya kichwa hicho tulimwita Sista. Alikuwa ametamia na kuangua mara tatu, hakupoteza kifaranga hata mmoja kwa kideri, na alikuwa mnene kiasi kwamba akitembea ungesema anakwenda kanisani na haraka hana.

Mwaka ule Mwalimu Tatu aliandika barua wilayani akieleza habari za Sista na wanawe. Majibu yakaja kwamba mgeni kutoka wilayani angetutembelea, na kama angeridhika, klabu yetu ingepelekwa Singida Mjini kwenye maonyesho, pamoja na kuku wetu na mtoto mmoja wa kutoa maelezo. Mwalimu akanichagua mimi. Nilimtazama nikidhani amekosea jina. "Wewe ndiye unayemjua Sista," alisema. "Wengine watakariri." Kwa wiki mbili nilikuwa nabaki bandani baada ya masomo nikimhutubia yule tetea kwa Kiswahili, naye alichakura chini bila kunicheka. Mjini sikuwahi kufika. Nilitaka sana kwenda, na zaidi ya mji nilitaka, walau mara moja, waliokuwa wakiniita Jiwe wanisikie.

Sasa inabidi nieleze heshima ya mgeni kwetu, maana bila hiyo kilichotokea kitaonekana uonevu, na hakikuwa uonevu. Kwetu mgeni haondoki bila kuku. Si kuku yeyote tu. Ukimchinjia mgeni kuku aliyekonda umemtukana, na habari itatembea. Tena kazi huja baada ya chakula, kwa hiyo mgeni hula kwanza ndipo aonyeshwe alichokijia. Asubuhi ya siku ile Mwalimu Tatu alikwenda barabarani kumpokea mgeni, sisi tukiwa darasani. Mama mmoja wa kamati ya shule, aliyekuwa akipika, akamuuliza mwalimu mkuu wachukue kuku gani. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa heshima zake, na kuku wa klabu hakuwahi kuwatazama hata siku moja. Akasema, "Mchukueni aliye bora." Wakaenda bandani, wakatazama kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angetazama, wakamchukua aliye bora. Wakamwita mlinzi, Mzee Juma, achinje yeye, mgeni asije akawa Mwislamu akashindwa kula. Kila kitu kilifanywa kwa adabu kamili.

Nilijua saa nne, nilipokwenda kumfunga Sista kamba mguuni ili aonyeshwe kwa mgeni. Nilitafuta kila pembe ya banda. Kisha nikayaona manyoya meusi nyuma ya jiko la shule, na kati yake machache meupe. Sikulia. Nilikwenda kumtafuta Mwalimu Tatu, lakini alikuwa ameshaingia ofisini na mgeni, na mlangoni mwalimu mkuu akanipa jagi, beseni na taulo, kwa sababu nilikuwa msichana mpole na ndiye niliyepangiwa kuwanawisha wageni.

Nikaingia. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia mgeni shikamoo, nikamnawisha. Alikuwa mzee wa miwani, mpole, aliyeniuliza jina langu na kusahau kusubiri jibu. Bakuli likafunuliwa, na juu kabisa ilikaa firigisi, kama inavyopasa, ikimngoja yeye. Mwalimu Tatu alikuwa akizungumza kwa furaha, hajui kitu. Mgeni akaitia firigisi mdomoni, akasifu mchuzi, kisha akasema amevutiwa sana na habari za yule kuku aliyevuka kideri mara tatu. Mwalimu Tatu akaninyooshea mkono. "Mtoto wa kukueleza ndiye huyu."

"Haya, mwanangu," mgeni alisema huku akitafuna. "Huyo kuku wako yuko wapi nimwone?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na njia ya kutokea: ningekaa kimya kama siku zote, na watu wangesema, mwacheni, ndivyo alivyo. Lakini alikuwa ameniuliza kuhusu Sista, na mtu pekee aliyejua mambo yote ya Sista nilikuwa mimi. Nikasema, "Yuko humo kwenye bakuli, mzee."

Taya la mgeni likasimama. Mwalimu mkuu alifanya kama anataka kuinuka, akakaa. Nami, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, sikujua namna ya kuufunga. Nikiwa nimeshika jagi, nikaeleza kila kitu nilichokuwa nikimhutubia Sista kwa wiki mbili: alivyoanguliwa, tone la jichoni, anavyoshikwa asijeruhiwe bawa, chakula chake, vifaranga wake, na dalili za kideri moja baada ya nyingine, kuharisha kijani kukiwamo. Yule mzee alikuwa na taabu kweli. Kutema chakula cha wenyeji hakuweza, na kumeza hakuweza. Mwishowe alimeza, akavua miwani, akaniuliza maswali matatu, na yote nikayajibu. Nyuma ya dirisha niliona vichwa vya wenzangu. Hawakucheka.

Hatukupelekwa mjini. Mgeni alitushukuru sana, lakini klabu ambayo kuku wake wa kuonyeshwa ameliwa haikuweza kupelekwa, ikachaguliwa shule nyingine. Mwalimu mkuu alimwita baba. Alikuwa na hasira, na nadhani hasira nyingine ilikuwa ya aibu yake mwenyewe. Akasema binti amemfedhehesha mgeni akiwa na tonge mdomoni, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Baba, mfugaji mwenye maneno ya kuhesabika, alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliulizwa?" baba akasema.

"Aliulizwa, ndiyo."

"Alimwamkia kwanza?"

"Alimwamkia."

"Basi mwalimu, mlitaka ajibu nini?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipokaribia zizi, baba alisimama kukaza kamba ya kiatu, akaniambia kwa Kinyaturu bila kunitazama kwamba siku nyingine nimwache mtu ameze kwanza. Nilicheka njia yote iliyobaki, kisha ndipo nikamlilia Sista. Naye Mwalimu Tatu, niliyedhani atanipa pole, kesho yake aliniita bandani akaniambia nilieleza vizuri ila nilisahau kutaja miezi ambayo chanjo hurudiwa, nijirekebishe. Nadhani sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Tangu wiki hiyo nilikuwa nikisoma habari mbele ya shule nzima asubuhi, na jina la Jiwe likafa lenyewe.

Leo mimi ni mwalimu, hapa Singida Mjini, na shughuli za nje ya darasa katika shule yetu ziko chini yangu. Tuna mengi ambayo Mwalimu Tatu hakuwa nayo. Tuna klabu ya mazingira, ya midahalo, ya uimbaji, skauti, jezi za michezo, na kipindi chake kwenye ratiba kila Jumatano, ingawa Jumatano nyingi kipindi hicho humezwa na marudio ya hisabati kwa sababu mitihani imekaribia. Watoto wa sasa hawaogopi kusimama. Ukimpa kipaza sauti mtoto wa darasa la tatu anakushukuru. Kwa muda mrefu nililitazama jambo hilo nikajipongeza, nikaona kazi ya yule mwanamke imefika mahali pake.

Muhula uliopita tulipata wageni. Niliandika risala mwenyewe, nikampa aisome msichana mmoja wa klabu ya mazingira, mtoto hodari anayeitwa Rehema. Niliandika kwamba miche yote tuliyoipanda nyuma ya madarasa inaendelea vizuri. Bomba letu lilikuwa kavu kwa wiki kadhaa, na miche mingi ilikuwa imebaki vijiti. Rehema alijua, maana ndiye aliyekuwa akibeba ndoo kutoka kwa majirani kujaribu kuiokoa. Alisoma kwa madaha mpaka akafika kwenye sentensi ile, akanyamaza. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akayapitisha juu ya wageni na viti vyao, akaniangalia mimi. Alikuwa akiniuliza, na nililielewa swali lake kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwapo pale.

Nilimpa ishara ya kichwa aendelee. Akaendelea, kwa sauti nzuri, bila kukosea hata neno moja, na mimi nikawa wa kwanza kupiga makofi.