Nilimnyima Bijou Chakula Apendeze Kwenye Picha, Nikamsingizia Mbwa wa Jirani

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Tangu siku ile situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, natazama barabara ya Mununga kama kuna mbwa mzee mwekundu anarudi. Nisikilizeni ninyi, maana hapa Kabuta, kando ya ziwa, sina tena wa kumwambia.

Nina mbwa mweusi tii, jina lake Bijou. Alilelewa na binti yangu kabla hajaolewa Ndola, na huko aliko anamlilia. Picha za simu yangu hazitaki, anasema Bijou anatokea kama gunia la makaa. Basi akaongea na mpiga picha wa Mansa, Mkongo mwenzetu, aliyekuwa anakuja Nchelenge kwa harusi. Angepita kwangu Jumapili asubuhi.

Akanipigia simu kunipa masharti. "Mama, umuoshe Jumamosi, umuchane manyoya muzuri. Na asubui usimupe chakula, juu afwate nyama mu mukono yangu, aangalie kamera."

Maneno mepesi, sivyo? Lakini mimi na kichwa changu! Nikawaza, kama njaa ya asubuhi inamfanya asikie, njaa ya siku mbili itamfanya asikie zaidi. Nikamnyima tangu Ijumaa mchana. Nikamwosha kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa ile yangu ya kuendea kanisani. Nikamfunga utepe wa njano shingoni. Yeye analamba sufuria tupu na kunitazama, mimi namwambia vumilia, kesho utakuwa staa. Na nilikuwa nacheka, jamani!

Jirani yangu ni Bana Chanda, yaani mama Chanda, mjane, mwenyeji wa hapa. Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki. Tulipofika kutoka Kongo na mabegi mawili, yeye ndiye aliyetuonyesha mahali pa kujenga. Huanika chisense, vile visamaki vidogo vyeupe, juu ya nyavu kuukuu mchangani. Mlinzi wake alikuwa Tiger, mbwa mzee mwekundu. Mumewe alipozama ziwani, Tiger ndiye aliyebaki kulala mlangoni pake.

Jumapili nilikuwa napiga pasi kitenge, maana na mimi nilitaka kutokea pembeni ya picha. Kutoka nje, kamba niliyomfungia Bijou imekatwa! Nikakimbia. Bijou alikuwa katikati ya chisense na utepe wake, anabugia. Nusu ya wavu ilikuwa imebaki tupu. Tiger amesimama kando anabweka mpaka sauti imemkauka. Nikamvuta Bijou, nikampangusa mdomo kwa kitenge kile kile, nikamfungia ndani.

Bana Chanda alikuwa majini anaosha vyombo. Akapanda mbio. "Mayo! Ni nani alikula chisense yangu?"

Ningesema. Neno moja tu! Angenitukana, na jioni tungepatana. Lakini mpiga picha alikuwa njiani, Bijou alikuwa msafi, nikaogopa atapigwa fimbo, atachafuka, na binti atakosa picha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni Tiger yako, Bana Chanda. Mi nilimuona na macho yangu."

Hakubisha. Aliniamini! Akamgeukia Tiger, akamuuliza, "Hata weye?" Siku hiyo hiyo akamtoa kwa mchuuzi wa Mununga, Tiger akafungwa nyuma ya baiskeli ndani ya kikapu cha samaki.

Na picha yenyewe? Bijou alikuwa ameshiba! Nyama hakutaka hata kuitazama. Alilala chini akapiga miayo. "Mama, si nilikuambia asikule?" mpiga picha akalalamika, akapiga hivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye picha ikaja na basi dogo la Mansa, kubwa, ndani ya fremu. Nikaitundika bila kuichunguza. Bana Chanda akaja kuiona, na moyo wake mweupe. "Kweli, imbwa yako iko muzuri." Kisha akasogea karibu. Kulikuwa na kitu cheupe mdomoni mwa Bijou. Akashika ncha ya kitenge chake akafuta kioo. Akafuta tena. Ndipo na mimi nikakiona. Chisense mmoja, mzima, na jicho lake, amenasa kwenye ndevu za mbwa mweusi.

"Haitoke," akasema polepole. Akanigeukia. "Na Tiger?"

Kesho yake nilikwenda Mununga. Mchuuzi akasema Tiger alitafuna kamba siku ya tatu akaondoka kwa njia ya ziwani. Hajafika. Nimeuliza kila kambi ya wavuvi. Bana Chanda sasa analinda samaki wake mwenyewe, juani, na fimbo mkononi. Nikipita ananisalimia vizuri tu, na hiyo salamu inaniumiza kuliko matusi.

Ninyi mnaoandaa wanyama wenu kwa picha, wapeni chakula. Wakitokea vibaya, basi! Na ukiulizwa nani kafanya, sema pale pale, hata kama mpiga picha yuko mlangoni.

Na ukikutana na mbwa mzee mwekundu njia ya Mununga, sikio la kushoto limechanika, nakuomba usimfukuze. Mwite Tiger. Mwambie tunajua si yeye.