Saidi Aliponiona

Jamani, mimi nilikuwa mwanamke wa nguvu. Kwetu Chunyu nalima, natwanga, naimba, na mimba yangu ya kwanza bado changa. Mume wangu alikuwa kibarua wa kufyeka pori Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga. Siku moja akarudi na vipele. Baadaye vikanitoka na mimi, usoni hadi tumboni, na tezi za nyuma ya shingo zikavimba. Homa yenyewe ndogo tu. Nikapona, nikasahau.

Saidi akazaliwa mdogo mno, mboni za macho nyeupe kama tui. Ukimwita hageuki. Chungu kilianguka kando yake kikapasuka, wala hakushtuka! Mama mkwe akanitazama juu hadi chini.

"Umevunja mwiko wewe. Sema, ulikuwa na nani?"

Nililia hadi maziwa yakapungua. Saidi alipoanza kusimama, Baba Saidi akatupeleka hospitali ya misheni, Mnero. Mama mkwe naye akafuata, eti kunichunga.

Daktari akamulika macho ya mtoto, kisha akaniuliza, "Mimba ikiwa changa, ulitokwa na vipele?"

Nikapigwa na butwaa. Kajuaje huyu?

"Ugonjwa ule ndio uliomfikia mtoto tumboni," akasema. "Masikio siyawezi. Macho nitajaribu."

Baba Saidi akamgeukia mama yake. "Mama, vipele vile nilivileta mimi. Mke wangu mwache."



Saidi akapasuliwa macho. Bandeji zilipofunguliwa akapepesa, akanitazama, akapiga ukelele wa hofu! Roho ikaniruka. Mwanangu hanijui! Kumbe uso hajawahi kuuona. Alinijua kwa mgongo, namna ulivyotikisika nikitwanga.

Nikageuka, nikainama. Mama mkwe ndiye aliyemfunga mgongoni kwangu kwa kanga. Nikaanza kutwanga bila kinu wala mchi, watu wananicheka. Saidi akanyamaza. Mara nikahisi kichwa chake kinachungulia begani. Akanishika shavu, akanikazia macho, akacheka. Allahu akbar! Hata leo mwili unanisisimka.

Saidi hasikii mpaka sasa, lakini ufuta wake njooni muuone. Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Baba Saidi.

Mabinti, siku hizi chanjo ya vipele vile ipo, chanjweni kabla ya kubeba mimba. Na mtoto akizaliwa hivi, msimuulize mama yake alikuwa na nani. Mfungieni mwanawe mgongoni.