Ngongoti Hafuti Kauli

Saa mbili asubuhi mvuke umeshajaa chumbani. Ngongoti anapiga pasi sketi za shule, zile zenye marinda, na kila rinda lazima lilale sawasawa juu ya lingine bila kupanda wala kushuka. Meza yake imeinuliwa kwa matofali. Bila matofali hayo angefanya kazi ameinama kutwa nzima kama mtu aliyeangusha sindano.

Nje, vijana wanaopakia mizigo kwenye malori wamemwona dirishani.

"Ngongoti! Leo umevaa mbele au nyuma?"

Hainui uso. "Ingia uangalie mwenyewe. Ila ukiingia humu hutoki bila kupigwa pasi."

Wanaangua kicheko. Mmoja anaomba radhi kwa niaba ya wenzake, mwingine anamwambia aache woga. Ngongoti anageuza sketi upande wa pili na kuendelea.

Miaka miwili iliyopita vijana haohao wangelipa kiingilio kumwona. Kwenye njia panda iliyo karibu na karakana hii kulikuwa na bango lake kubwa, akitangaza sabuni, shingo ndefu, jicho kali. Leo bango hilo linatangaza mabati. "Mama yangu hulipita kila siku," anasema. "Husema afadhali wangetupa hayo mabati yenyewe kuliko kutuonyesha picha."

Ana miaka ishirini na mmoja. Kupanda kwake kulichukua jioni moja. Kuanguka kulichukua kipindi kimoja cha redio.

Aligunduliwa akitundika mapazia. Alikuwa mfanya usafi katika ukumbi wa kukodisha, na wakati wenzake wakigombania ngazi, yeye alipanda kiti na kunyoosha mkono. Wakala wa wanamitindo alikuwa amekuja kuukagua ukumbi.

"Akaniuliza, 'Wewe unakula nini?' Nikamjibu, 'Nikipata, chochote.' Akacheka sana. Mimi sikuwa natania."

Walimpeleka kujifunza kutembea. Jambo hilo bado linamchekesha. "Kutembea nilijua tangu nina mwaka mmoja. Wao walinifundisha kutembea kama mtu ambaye kwao kuna lifti."

Onyesho lake la kwanza lilikuwa la mbunifu anayeheshimika kuliko wote. Akapewa gauni la mwisho, lile linalofunga onyesho, la kijani kibichi. Mbele lilikuwa na kola ya juu. Nyuma lilikuwa na safu ya vifungo na mkia mrefu wa kuburuza sakafuni.

Hapa inafaa kueleza kazi inavyokwenda nyuma ya pazia. Nguo za onyesho hufika hazijashonewa lebo, kwa sababu mbunifu huzibadilisha mpaka dakika ya mwisho. Mvishaji hana muda wa kuchunguza mbele ni wapi. Kwa hiyo hutiwa uzi mwekundu kwenye kola, upande wa kifuani, na mvishaji huuchomoa nguo ikishakaa mwilini. Jioni ile mpiga pasi alikuwa mgeni katika kazi. Aliuona uzi mwekundu ukining'inia, akadhani ni uchafu wa mshono. Akaukata.

Aliyemvisha Ngongoti ni mama mmoja ambaye wote humwita Bi Pini, kwa kuwa huongea na pini zikiwa mdomoni. Amevisha wanamitindo tangu kabla Ngongoti hajazaliwa.

"Ungeniuliza mbona sikuona vifungo," anasema Bi Pini kutoka kwenye cherehani yake, pembeni mwa chumba hikihiki. "Yule mbunifu alikuwa anaweka vifungo hata kwapani! Vifungo kwake si dalili ya kitu. Mkia ulikuwa bado umekunjwa. Nilitafuta uzi, hakuna. Nje muziki umeshabadilika. Nikamvisha nilivyoona."

Alimvisha kinyume. Ule mkia, ambao ungemfuata nyuma, sasa ulikuwa mbele ya miguu yake. Hatua chache nje ya pazia akaukanyaga.

"Niliiona sakafu inakuja," anasema Ngongoti. "Nikaukamata ule mkia, nikautupa begani kama taulo, nikaendelea kwenda. Nilikuwa na hasira, maana nilijua nimeharibu. Watu wakadhani ile hasira ni mtindo."

Ukumbi mzima ulisimama. Wapiga picha walikanyagana. Mbunifu akatoka nyuma ya pazia, akamshika mkono, akainama mbele ya watu, kisha akawaambia waandishi kwamba wazo lile alilitunza moyoni muda mrefu akisubiri msichana wa kulibeba.

Baada ya hapo hakukuwa na kupumua. Mafundi cherehani walizingirwa na wateja wanaotaka gauni la kinyume. Wasichana walitupia vitambaa begani wakienda dukani kununua chumvi. Bibi harusi mmoja aliingia ukumbini akaitupa shela yake kwa nguvu, ikamfunika mpambe uso mzima. Ngongoti alitangaza sabuni, akatangaza simu, akapanda ndege, akaanza kumjengea mama yake nyumba. Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, likabaki paa.

Kisha akaenda redioni. Mtangazaji alimuuliza mbunifu alimwambia nini kabla hajatoka na gauni lile.

"Nikacheka. Nikamwambia hakuniambia kitu, tulikosea, lilivaliwa kinyume. Kwangu mimi ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Pale studioni tulicheka mpaka fundi mitambo akapiga meza."

Mbunifu hakucheka. Siku ileile alisema binti huyo ni mtoto aliyelewa sifa, na kwamba asiyeamini amuulize mvishaji. Alikuwa na hakika mvishaji atasema anachotakiwa kusema. Waandishi wakamuuliza.

"Nilimvisha mimi," Bi Pini aliwajibu. "Kifua nilikipeleka mgongoni."

Wote wawili walipoteza kazi. Hakuna aliyewafokea. Kampuni ya sabuni ilisema inatafuta sura mpya. Wengine hawakusema lolote. "Simu ilinyamaza mpaka nikaipeleka kwa fundi," anasema Ngongoti. "Fundi akaigeuza, akaniambia dada, hii ni nzima."

Bi Pini alikodi chumba hiki, akaweka cherehani mbili, akaanza kushona sare za shule. Ngongoti alimfuata akaomba kazi. Kwa mwezi mzima hapati hata robo ya alichokuwa akilipwa kwa onyesho moja. Nyumba ya mama yake bado iko kwenye lenta, na ndani yake majani yameota mpaka kiunoni.

"Sasa mimi ndiye mpiga pasi," anasema. "Na nikikutana na uzi mwekundu siugusi. Nauamkia."

Asikudanganye mtu kwamba ameridhika. Amekwenda kwenye majaribio ya wanamitindo mara kadhaa. Kila mara wanausifu urefu wake, kisha wanamwita mwingine. "Naitaka ile kazi. Nikisikia muziki wa maonyesho miguu inaniwasha. Sijui kwa nini watu wanataka niseme siitaki."

Ndiyo maana siku hii ni nzito. Wiki iliyopita wakala alimpigia simu. Mbunifu anaadhimisha miaka kumi ya kazi, na anataka gauni lile lifungue onyesho, livaliwe na Ngongoti. Sharti ni moja. Akishatembea ashike kipaza sauti aseme kwamba yale maneno ya redioni yalikuwa utani. Baada ya hapo milango yote itafunguliwa. Wakala anakuja leo kuchukua jibu.

Kabla wakala hajafika, anaingia mama yake Ngongoti. Ni mpishi wa shule, na aproni yake bado iko kiunoni. Ni mfupi, hafiki kwenye kiwiko cha bintiye.

"Bado hajaja huyo bwana?"

"Bado, mama."

"Basi nisikilize. Sema ulitania, yaishe. Mdomo utauma? Mimi kila siku nawaambia wale watoto chakula kimekwisha na kimebaki sufuria nzima."

"Hiyo ni tofauti, mama."

"Tofauti wapi? Uongo ni uongo. Wangu unashibisha walimu, wako utaezeka nyumba."

Ngongoti anaweka pasi chini. "Na huyu?" anamwonyesha Bi Pini kwa kidevu. "Alisimama mbele ya watu akasema alinivisha kinyume. Nikisema nilitania, yeye atakuwa nani? Si mwongo?"

Bi Pini hasimamishi cherehani. "Niite mwongo, mwanangu. Mimi mtu mzima. Nimeitwa mabaya zaidi na wasichana wenye miguu mibaya zaidi."

"Umesikia?" mama anadakia. "Mwenyewe ameruhusu!"

"Mimi sijaruhusu."

Mama anageukia chumba kizima, kana kwamba kuna baraza limekaa. "Nilizaa urefu, nikapata na ukaidi bure."

Wakala anafika saa tano. Viatu vinang'aa, manukato yanamtangulia. Anasalimia jumla, anatafuta mahali pa kukaa, hapaoni, anasimama.

"Mdogo wangu, ulipotelea huku? Basi, mambo mazuri. Kila kitu kiko tayari. Nguo imesafishwa, mkia umebadilishwa, sasa ni hariri. Na maneno yako tumekuandalia, usipate tabu."

"Maneno gani?"

"Mafupi tu. Utasema, 'Siku ile redioni nilikuwa natania. Wazo lilikuwa la mbunifu tangu mwanzo.' Halafu utamalizia, 'Na yule mama mvishaji uzee ulikuwa umeshamwingia, alichanganyikiwa.' Basi. Watu watapiga makofi."

Cherehani inasimama.

"Hiyo ya mwisho hukuitaja kwenye simu," anasema Ngongoti.

"Ni kitu kidogo. Lazima tumweleze na yule mama, la sivyo watu watauliza. Na sijui hata yuko wapi siku hizi. Huenda amekwenda kupumzika kwao."

Bi Pini yuko hatua tatu kutoka alipo. Katika maonyesho yote aliyosimamia, bwana huyu alimpita mwanamke huyu akiwa amepiga magoti na pini mdomoni. Hamjui. Bi Pini anazitoa pini mdomoni moja moja, anazichomeka kwenye kifuko chake, mpaka mdomo unabaki mtupu.

"Sijaenda kupumzika," anasema. "Nina sketi za kumaliza."

Wakala anamtazama, anamtazama Ngongoti, anarudi kumtazama yeye. Jasho linamtoka, na si la mvuke. "Shikamoo, mama. Sikuwa na maana..."

"Marahaba. Na mimi sikuchanganyikiwa."

Anayefuata kuzungumza si Ngongoti. Ni mama yake, aliyekuja hapa kumwombea wakala huyuhuyu.

"Wewe, baba. Mimi nilidhani ni utani mnautaka. Kumbe mnataka binti yangu amvue nguo mtu mzima hadharani! Dada huyu ndiye anayemlisha mwanangu tangu mlipomtupa. Unamjua?"

"Mama, tuzungumze taratibu. Huyu bado msichana, tunazungumzia maisha yake."

"Ndiyo, ni yangu," anasema Ngongoti. Anatoka nyuma ya meza. Chumba ni kidogo, na akinyooka wima kichwa chake karibu kiguse taa. "Kaka, nisikilize. Gauni nitalivaa. Jukwaani nitatembea, na nitatembea vizuri kuliko yeyote mliye naye. Kipaza sauti mkinipa nitasema lilivaliwa kinyume, nikalitupa begani nisianguke. Mkilitaka hilo, niiteni hata kesho. Mkitaka lile lingine, jibu ni hapana."

"Mbunifu atapata msichana mwingine wa kulivaa."

"Ampate. Mwambie amfundishe na hasira."

"Utazeeka unapiga pasi, mdogo wangu."

"Na wewe utazeeka unabebea watu maneno. Angalia hapo mlangoni, fremu ni fupi. Usijigonge."

Wakala anaondoka. Wapakia mizigo, waliokuwa wameegemea dirishani muda wote bila aibu, wanampigia makofi mpaka anapoingia kwenye gari lake.

Ndani, Ngongoti anarudi nyuma ya meza yake. Mama anavuta kigoda, anakaa, anaanza kukunja sketi zilizokwisha kunyooshwa. Anakunja vibaya, Bi Pini anaona, anamwacha.

"Kwa hiyo paa ndiyo basi," Ngongoti anamwambia mama yake, taratibu.

"Nani kasema basi? Nimepanga chumba miaka yote hii, nimekufa?"

Jumamosi kuna majaribio mengine. Kampuni ya makoti ya mvua inatafuta watu warefu wa kupigwa picha, katika mji wa mbali, na foleni ni ya kila mtu. Ngongoti ameshalipia nafasi kwenye basi. Hajui kama jina lake limetangulia kufika huko, na anasema hilo halimhusu.

"Watu huniuliza ni lini niliacha kazi ya uanamitindo," anasema, mkono ukirudi kwenye pasi. "Mimi sijaiacha. Wao ndio walioacha kunipigia simu."

Mama yake ametangaza kwamba ataomba ruhusa jikoni amsindikize. Bintiye anamwambia hakuna haja. Mama anajibu kwamba hakuulizwa.

"Na huko wakikuuliza habari ile?"

"Nitawaeleza."

"Yote?"

"Yote, mama. Halafu nitawaambia wasogeze viti, nitembee."