Tulia, Nakuja

Mtu asinidanganye kwamba kuanguka ni kazi rahisi. Miaka kumi na miwili nimemrekodi Mzee Bata, na kila Bata wa kwenye katuni alipoteleza, yule mzee wa watu alianguka kweli mbele ya kipaza sauti, juu ya masanduku na masufuria mabovu. Sauti za kuigiza hakuzitaka. "Watoto wanajua," alikuwa akisema, huku anajifuta vumbi magotini. Jina lake lilibaki kwenye mikataba tu. Hata mkewe alimwita Bata.

Nje ya kazi alikuwa vilevile. Akinyanyua kikombe, chai inamwagika. Akipita, waya unamnasa. Mimi nina mdomo, sifichi, na kila siku nilimfokea. "Mzee, hicho kiti kimekukosea nini?" Naye bila haraka: "Tulia, fundi, tulia." Nikimwita kutoka koridoni: "Nakuja, nakuja, usinune."

Hadithi ya mwisho ilikuwa nyingine. Farasi, shujaa wa siku zote, anatumbukia kisimani, na wa kumtoa hakuna ila Bata na kamba yake. Mzee alipoisoma alimfuata mwongozaji.

"Hapa naomba nisichekeshe," alisema. "Mjukuu wangu wanamtania shuleni, eti babu yako kazi yake kuanguka. Nataka anisikie mara moja tu nikiwa nimesimama."

Mwongozaji akakubali. Maneno yenyewe yalikuwa mawili: "Tulia, nakuja." Mkewe aliniambia aliyarudia wiki nzima, hata akinyoa ndevu.

Siku yenyewe alikuja na shati lililopigwa pasi. Masufuria ya asubuhi yalikuwa bado pale miguuni pake. Nikawasha taa nyekundu. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, halafu akaporomoka na masufuria yakamfuata. Jamani, tulicheka! Mwongozaji alikuwa anapiga meza. Mimi nikabonyeza kitufe nikamwambia, "Mzee, huo mwereka umetia fora, tunauchukua!" Kimya. Tukakicheka na hicho kimya, maana alizoea kujilaza pale chini kutuchokoza, na kutoka upande wetu wa kioo tuliona soli za viatu tu. Dakika mbili. Najua ni mbili kwa sababu mashine ilikuwa inarekodi, na mimi ndiye niliyekuja kuisikiliza.

Moyo wake ulikuwa umesimama. Hospitali hawakuwa na la kufanya.

Baada ya mazishi mwongozaji alitaka kutafuta mtu wa kuiga sauti. Nikamwambia labda nife mimi pia. Tuligombana, akaninunia, mwisho akaniachia. Nikajifungia na kanda za miaka kumi na miwili. "Tulia" niliikuta siku niliyomfokea kwa sababu ya chai. "Nakuja" ilitoka koridoni, kipaza kikiwa wazi na mimi nikimwita kwa ukali. Maneno yote mawili alikuwa akinibembeleza mimi. Nikayaunga huku nalia kama mtoto, na ule mwereka nikaufuta.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa watoto. Bata alipofika kwenye ukingo wa kisima, wakaanza kucheka kabla hata hajafanya kitu, kama sisi.

"Tulia," alisema Bata. "Nakuja."

Kicheko kikakatika. Bata alishuka na kamba yake, akamtoa Farasi, na hakuteleza hata hatua moja. Makofi yalipoanza, mjukuu wake alipanda juu ya kiti akapiga kelele, "Ni babu yangu huyo!" Bibi yake alimshika sketi asianguke.

Tulipokuwa tunatoka, mtoto akanishika mkono.

"Shangazi, Bata alimfuata Farasi. Babu alipoanguka, nani alimfuata?"

"Mimi."

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia, mama."

Na ni kweli nilikimbia. Zile dakika mbili sikumwambia.